Mchanga Haupindi Kona

Kwanza ungeona punje za mchanga zilizobaki chini ya ngozi ya shavu la fundi. Mwaka jana kona ya bomba linalosukuma maji yaliyochanganyika na mchanga ilipasuka, mchanga ukafumua kifua cha shemeji yake, akafa. Hesabu za bosi aliyelisanifu bomba hilo zilichukulia kwamba mchanga hufuata maji kila mahali.

Tangu hapo fundi alikuwa akizipiga picha punje zikipita ndani ya bomba la kioo, akipima kasi ya kila moja.

“Kwenye kona maji yanapinda, bosi. Mchanga unagonga ukuta.”

“Wewe na mchanga wako! Si uuoe tu?”

Fundi akamkunja shati. “Umemwacha dada yangu mjane!”

Leo, kwa idhini ya bosi, kona nene aliyoichora fundi imefungwa kwenye bomba ili ijaribiwe. Yeye na bosi wamejibanza nyuma ya ukuta wa zege, pampu inanguruma, mshale wa presha unapanda, naye fundi anangoja kuona kama kona itahimili.