Gobore la Mkwe Wangu Lililokunywa Mafuta

Mwanangu, kuna siku moja ninaikumbuka kuliko hata siku ya ndoa yangu: siku pongo, swala wa vichakani, alipotutazama mimi na baba mkwe wangu, akaendelea kutafuna majani.

Ilikuwa miaka ile mgodi umelala na watu wa asili ya mkoa wa Kasai wanafukuzwa hapa kwetu Kolwezi. Mkwe wangu, Tata Kabeya, alizaliwa hapa hapa, lakini aliambiwa arudi kwao, kwao ambako hajawahi kukanyaga. Familia yake yote ilikuwa kituoni ikingojea treni. Akaniita, akasema akitazama pembeni, maana kwetu wakwe hawatazamani usoni: "Kama mutu anashindwa kulisha bakwe, bibi yake atamulisha na nini? Pasipo nyama ya safari, mutoto wangu anapanda treni na sisi."

Mke wangu, jamani! Huyu huyu mama anayewafokea huko jikoni.

Alinipa gobore lake nilitayarishe. Sasa mimi mgodini kazi yangu ilikuwa kupaka mashine mafuta, na machoni pangu kila chuma ni mashine. Mvua zilikuwa zimeanza, nikaogopa kutu. Nikapaka nje, nikapaka ndani, nikaongeza kidogo kwa upendo. Juu yake nikashindilia baruti na risasi. Mdomo nikauziba kwa kitambaa cha nta, tone la mvua lisipite. Nilijiona fundi kabisa.

Tukaingia porini upande wa Mutshatsha, sisi na mbwa wake. Pongo akatokea. Tata Kabeya akatoa kitambaa, akalenga, akafyatua. Fataki, kile kikofia cha kuwashia baruti, ikalia tik! Kisha chwiii, moshi mwembamba wenye harufu ya karakana. Basi. Ndipo pongo akatutazama.

Mzee akaendelea kushika bunduki mdomo ukielekea pembeni, akangoja, maana moto huweza kuchelewa ndani. Halafu, kwa kuwa mkwe hagombezwi, akamgeukia mbwa.

"We imbwa, njo nani alikuambia baruti inakunywaka mafuta?"

Nami nikapitia kwa mbwa huyo huyo: "Imbwa, ambia Tata mi nilizani chuma inaogopa kutu."

"Imbwa, chuma inaogopa kutu. Baruti inaogopa we!"

Mbwa masikini akalala chini, mkia katikati ya miguu.

Basi mbwa akafundishwa, na mimi nikafanya. Nikatoa ule uji mweusi, nikaosha ndani kwa maji ya moto, nikapitisha kitambaa mpaka kikatoka kikavu na cheupe. Jua lilipochungulia nikaanika chuma mpaka kikapasha kiganja moto. Tukapiga fataki tupu, bila baruti, mdomo wa gobore ukielekea jani. Jani likatikisika, tukajua njia ya moto iko wazi. Ndipo tukapakia, tukafunika fataki kwa ngozi ya mbuzi.

Jioni ngulube, nguruwe wa porini, akapita, mvua inanyesha. Gobore likalia mpaka nikakaa chini.

Nyama tukaikausha kwa moshi, tukaipeleka kituoni. Treni ikaondoka na wakwe zangu. Mke wangu alibaki kando yangu akimlilia baba yake. Nikalia naye kwa huzuni, na kidogo kwa furaha, Mungu anisamehe.

Kwa hiyo mwanangu, mvua izuie kwa nta mdomoni na ngozi ya mbuzi juu ya fataki, lakini ukumbuke kuitoa nta kabla hujafyatua. Baruti iweke kwenye kibuyu kilichozibwa. Mafuta yabaki nje. Ndani pawe pakavu. Na ukiona mzee anamgombeza mbwa, sikiliza vizuri.

Mungu akupe pori lenye nyama, wakwe wenye subira, na mke ambaye treni haimchukui.