Makofi ya Jirani

Jirani yangu hakuwahi kubisha hodi kwa mdomo. Akifika langoni kwangu alipiga goti kidogo, akakunja viganja kama anayekinga maji, akapiga makofi ya chini chini, yale ya heshima tuliyofunzwa na bibi zetu. Hata akikutana na muuza makala ya kupikia, alimsalimu hivyo. Kwa viganja hivyo, vyenye harufu ya matembele, alisugua ukuta wake siku watu wa kujenga barabara kuu walipouchora msalaba mwekundu wa kubomolewa.

Kwenye mkutano wa kusikiliza maoni ya wakaaji aliketi kando yangu, amenishika mkono kwa nguvu. Injinia, kijana aliyetoka mbali, akamwita: "Mama, njia itapita mu lupango yako, hapo penye nyumba. Unasema nini?" Akasimama. Mbele ya mkubwa huanzi kusema hivi hivi. Akapiga goti, akapiga makofi yake.

"Merci! Mama amekubali!" injinia akatangaza.

"Hapana, papa, nilikuwa nasalimia kwanza…" Lakini kipaza sauti kilikuwa kimekwisha kupelekwa kwa mwingine.

Siku hizi anasimama langoni kwangu kimya, mikono ameifunga ndani ya kikwembe alichojitanda, mpaka nitokee mwenyewe.