Vigelegele vya Mama

Misimu minne nimelipwa Marekani kwa kurusha mpira wa besiboli, na mpaka leo nikiulizwa kazi ile niliipataje, uso unaniwaka kwa aibu.

Mmarekani mmoja alikuja Johannesburg kutafuta warushaji. Mimi, mtoto wa Kitanga niliyekulia mtaa wa Doornfontein hukohuko, mkono wangu ulikuwa moto, wallahi, wala sijisifu. Siku ya majaribio Mama hakufungua meza yake ya vitenge mjini. Alikuja uwanjani na mashoga zake wawili na hotipoti la ubwabwa.

Sasa, besiboli Mama wa watu haijui. Anachojua ni kwamba mpira ukienda mbali, watu hushangilia. Kumbe mrushaji kazi yake ni kumnyima mpigaji huo mpira. Akiupiga ukavuka uzio, umeumbuka. Mpigaji wa kwanza tu akaupiga mpira wangu ukavuka uzio. Mama huyo, juu ya benchi, vigelegele!

"Mwanangu huyooo! Mmeuona mpira wake ulikofika?"

Mashoga wakampokea. Wachezaji wenzangu walicheka wakashika mbavu. Nilitamani ardhi ipasuke inimeze.

Kocha wetu akanisogelea. "Eish, yule mama ni wako?"

"Simjui," nikajibu kwa Kiingereza, tena kwa sauti, Mmarekani naye asikie.

Jamani, Kiingereza cha kuuzia vitenge Mama anacho! Vigelegele vikakatika. Akashuka, akautengeneza mtandio wake, akaketi. Mimi nikageuka nikarusha kwa hasira, na baada ya hapo hakuna aliyeugusa mpira wangu. Nikafurahi, mpumbavu mkubwa.

Tulipomaliza Mmarekani akaja anatabasamu. Nafasi nimeipata, akasema, ila angependa kwanza ampe mkono mzazi wangu, kama yupo. Neno moja tu lingetosha, na nilikuwa nalo.

Kocha akageukia benchi. Nadhani alishahisi, maana mimi na Mama tumefanana kama shilingi kwa ya pili.

"Mama, wewe ndiye mzazi wake?"

Mama akanitazama. Akanipa muda wa kusema, najua alinipa. Nikainama nikawa nafunga kamba za viatu.

"Hapana, bosi," akamjibu kwa upole, huku akichukua hotipoti lake. "Mimi nilikuwa napita njia tu. Lakini mama yake akisikia, atafurahi sana."