Litungu la Simioni Halikuingia Kanisani

Kaka yangu Simioni alipiga litungu, ala yetu Wakurya ya nyuzi nane, Susuni nzima, kwenye harusi na sherehe za tohara, na watu wa Nyanungu walikuwa wakimfuata nyumbani. Alipookoka hakuacha kupiga. Alibadilisha maneno tu, akaweka zaburi kwenye nyuzi nane zilezile. Jumapili ya kwanza alilibeba begani kwenda nalo kanisani. Mzee wa kanisa, Sadock, akamzuia mlangoni.

"Ndugu Simioni, chombo hicho kinanuka pombe. Kiache huko nje na mbuzi."

Akaliacha. Kwa miaka kumi na mmoja aliliegemeza ukutani, akaingia, akasali, kisha akatoka na kuketi upenuni kuwapigia waliotaka. Mvua ikinyesha katikati ya mahubiri alitoka kulifunika kwa koti lake, akarudi ameloa. Mzee Sadock akamwambia anasumbua ibada.

Alipougua alimwambia mkewe Wegesa, nami nikiwapo: "Nikifa lisiingizwe mle. Felix wa Nyanungu, niliyemfundisha, alipigie mlangoni."

Alifariki mwezi wa tatu. Redio ikapiga nyimbo zake siku nzima, na ghafla kila mtu akawa rafiki yake wa tangu utotoni. Diwani akasema atakuja na mpiga picha. Asubuhi ya mazishi Mzee Sadock alituma wanakwaya wakalichukue litungu "kulisafisha". Wegesa, macho yamemvimba kwa kulia, akawapa.

Nililikuta mlangoni mwa kanisa. Walikuwa wamelifunga riboni za zambarau, na ngozi yake wameipaka mafuta ya mwilini ili ing'ae kwenye picha. Mzee Sadock alikuwa amelikumbatia kifuani kama gitaa, wakati litungu hupigwa limekaa chini.

"Bernadetha, tunaliweka madhabahuni. Ni heshima ya marehemu."

"Shikamoo, mzee. Ni lile la pombe au ni lingine?"

"Usilete mambo ya zamani msibani."

"Zamani gani? Ulimfukuza nalo mpaka Jumapili ya mwisho kabla hajalazwa. Alisema lisiingie. Nipe."

Diwani alikuwa anashuka garini. Mzee Sadock hakutaka ugomvi mbele yake, akaliachia.

Nikampelekea Felix. Aligusa ngozi, akanusa vidole. "Wamelipaka kama mtoto anayepelekwa kliniki," alisema. "Ngozi ikinywa mafuta haisemi." Akalipeleka kwa akina mama waliokuwa wanapika, akalifuta kwa majivu, akalikausha kidogo motoni. Riboni akazitia chini ya sufuria.

Ndani, Mzee Sadock alishika kipaza sauti. "Kanisa limepoteza mpiga litungu wake," alianza. Nikatoka nikaketi kizingitini karibu na Felix, naye akapiga. Sauti ilikuwa imeziba, kama mtu anayeimba akiwa amejifunika blanketi, lakini zaburi ilikuwa ya Simioni. Watu wakaanza kutoka, benchi moja baada ya jingine. Mwishowe wabebaji nao wakainua jeneza wakatoka. Mzee Sadock akabaki anamsifu marehemu mbele ya diwani.

Bado nasali palepale, maana Mungu si wa Sadock. Jumapili iliyopita alitangaza kwamba kuanzia sasa kanisa limeruhusu litungu. La Simioni liko Nyanungu, Felix analiwambia ngozi mpya, na hapa hakuna mwingine anayejua kupiga. Watu walisema amina. Mimi haikunitoka.