Bi Mapema Hakosi Kazi

Jina lake la kuzaliwa lilikuwepo kwenye kitambulisho, lakini kule chini, kwenye chumba cha kufulia cha ile hoteli kubwa, hakuna aliyelitumia. Walimwita Bi Mapema. Mbele yake walilitamka kwa heshima, na nyuma yake walilitamka vilevile, maana hata mashine zote zikinguruma kwa pamoja, yeye bado alisikia nani anamsengenya na kwa maneno gani.

Alikuwa msimamizi wa kufua na kupiga pasi: mwanamke mfupi, mpana wa mabega, mwenye mwendo wa mtu anayekimbilia basi hata akiwa anaelekea chooni. Tangu aajiriwe hakuwahi kukosa kazi. Kitindamimba wake alimzaa akiwa likizo, na watu waliapa kwamba mtoto yule alipangiwa tarehe, naye akaogopa kuchelewa.

Kwa mtu asiyekosa, wanaokosa wote ni watoro. Udhuru kwake ulikuwa kama doa kwenye shuka: aliutazama, akaunusa, akausugua mpaka ijulikane umetokana na nini. Ukifiwa alikupa pole, kisha akauliza marehemu ni nani yako, na kama hakuwahi kufa kabla ya hapo. Shangazi Povu, mama mcheshi aliyeshughulika na mashine za kufulia, aliwahi kuomba ruhusa ya kumzika mjomba wake. Mwaka uliofuata akaomba tena, kwa mjomba.

"Mwenzangu," Bi Mapema akamwambia, "huyo mjomba akifufuka tena, mlete hapa tumwajiri. Mtu mgumu namna hiyo anatufaa."

Shangazi Povu alikwenda msibani, lakini alirudi siku hiyohiyo, macho yamevimba, akaendelea kupakia mataulo kwenye mashine.

Halafu kulikuwa na Bwana Pasi. Huyu alikuwa mrefu kama mlingoti, na kazi yake ilikuwa kunyoosha mashati ya wageni. Asubuhi moja alipiga simu.

"Shikamoo, Bi Mapema."

"Marahaba. Mbona sauti yako iko kitandani?"

"Nina homa, mama. Na kikohozi."

"Kohoa."

Bwana Pasi akakohoa.

"Tena."

Akakohoa tena, safari hii kwa bidii.

"Hicho si kikohozi cha mgonjwa. Hicho ni cha mtu anayebisha hodi. Njoo, mvuke wa huku utakutibu."

Bwana Pasi akaja. Siku nzima alipiga pasi na kupiga chafya kwa zamu, na jioni aliondoka ameshika ukuta.

Basi, mkuki kwa nguruwe. Haukupita muda, Bi Mapema aliamka jicho la kulia limegandamana. Alipolifumbua kwa maji ya uvuguvugu, likatokea jekundu, linawasha kana kwamba limetiwa mchanga. Mumewe, fundi saa aliyefanyia kazi zake palepale sebuleni, alivaa kile kioo chake cha kukuzia vitu vidogo, akamsogelea.

"Mke wangu, hili jicho leo liache lilale."

"Jicho ndilo linaloumwa. Miguu mizima."

"Ugonjwa huu unaambukiza."

"Mimi sikosi kazi," alisema Bi Mapema, na kabla fundi hajaweka kioo chake mezani, mlango ulikuwa umeshafungwa. Alikuwa ameondoka na miwani ya jua ya mumewe, kubwa, nyeusi, ya kumfunika nusu ya uso.

Chumba cha kufulia kilikuwa chini kabisa ya jengo, na hakikuwa na dirisha hata moja.

"Bi Mapema," Shangazi Povu akauliza kwa adabu zote, "leo jua limetupata na huku?"

"Nimependa tu kuvaa. Angalia mashine yako."

Siku ile alifanya kazi kama kawaida yake, maana yake aligusa kila kitu. Alikagua foronya, akapekua mashati, akashika pasi kumwonyesha Bwana Pasi namna ya kuingia kwenye kola. Kila baada ya dakika chache alipandisha miwani, akajikuna jicho, akajifuta kwa taulo lililotundikwa msumarini kando ya sinki. Taulo hilo lilikuwa la wote. Watu wanaofua mataulo ya hoteli nzima walikuwa wanajifuta mikono na nyuso kwa taulo moja, na hakuna aliyeona ajabu.

Siku iliyofuata jicho la kushoto nalo likafuata la kulia. Baadaye Shangazi Povu aliamka macho yamegandamana. Kisha Bwana Pasi. Kisha wakunjaji wa mashuka, mmoja baada ya mwingine, kama nguo zinazochuja rangi kwenye beseni moja. Kila mmoja wao alishika simu aombe ruhusa, akamkumbuka Bi Mapema, akaiweka simu chini, akatafuta miwani nyeusi. Aliyekosa ya kwake aliazima. Bwana Pasi alikuja na ya dada yake, yenye maua ya dhahabu pembeni.

Ikawa hivyo: chumba kisicho na jua, na watu wote wamevaa miwani ya jua, wanapapasa. Wanagongana na vikapu. Wanaombana radhi, wakati mwingine wanaiomba radhi mashine ya kukaushia. Mgeni mmoja ghorofani akatandikiwa kitambaa cha meza. Na ukumbini, kwenye chakula cha mchana cha watu wazito waliokuja mkutanoni, wahudumu waligawa foronya za kufutia midomo.

Hapo ndipo meneja aliposhuka. Alikuwa mtu wa tai na sauti ya chini, mpole kiasi cha kuudhi. Alifungua mlango, akasimama. Nyuso zote zikamgeukia, nyeusi tii.

"Jamani," alisema. "Mnamlinda nani?"

Hakuna aliyecheka. Akaomba mmoja avue miwani. Shangazi Povu akavua. Meneja akarudi nyuma hatua nzima na kutia mikono mifukoni.

"Nyote mko hivi?"

"Sote, bosi."

"Nani alianza?"

Meneja akajaribu kufuata macho yao yanamtazama nani, lakini macho yalikuwa yamefichwa. Bahati mbaya pua hazikufichwa, na pua zote zilikuwa zimeelekea upande mmoja.

Bi Mapema akavua miwani taratibu. Kwa mara ya kwanza watu wake waliyaona yale macho, mekundu, yamevimba, yanatiririka, na waliokuwa wamemkasirikia tangu asubuhi wakajikuta wanamhurumia.

"Ni mimi," alisema.

"Kwa nini hukubaki nyumbani?"

"Mimi sikosi kazi, bosi."

"Bi Mapema," meneja alisema bila kupandisha sauti, "ungekosa wewe, ningekosa mtu mmoja. Umekuja, nimewakosa wote."

Neno hilo lilimchoma kuliko jicho. Nguo za hoteli zikapelekwa kwa dobi wa mtaa wa pili, chumba kikaoshwa kwa dawa, na wote wakarudishwa makwao mpaka daktari awaruhusu.

Bi Mapema hakuwahi kuiona nyumba yake mwenyewe katikati ya asubuhi siku ya kazi. Aligundua kwamba jua huingia kwa dirisha la jikoni na kulala sakafuni kama paka. Aligundua pia kwamba mumewe, ambaye kila jioni hulalamika jinsi saa za watu zilivyomchosha, hutembelewa na wazee wenzake watatu wanaokunywa chai, wanacheza karata na kuvunjika mbavu kwa vicheko. Siku ile walibisha hodi, wakaingia, wakamkuta kwenye kochi na kichupa cha dawa ya macho mkononi. Waligeuka kama wanafunzi waliofumaniwa.

"Kaeni," alisema. "Ila mbona mmechelewa?"

Mchana simu ikalia. Bwana Pasi.

"Shikamoo, Bi Mapema. Nimepiga kukujulia hali."

"Marahaba, mwanangu. Macho bado."

"Bado kweli? Hebu pepesa nisikie."

Bwana Pasi, upande wa pili, alianza kujuta na kutafuta maneno ya kuomba msamaha. Ndipo akasikia kicheko kinapanda kutoka mbali, kikaja, kikalipuka. Bi Mapema alicheka hadi machozi, na machozi yakamuuma, akawa anacheka huku akisema "aii, aii."

Alipotulia, aliuliza, "Ile siku ya homa. Ulikuwa unaumwa?"

"Niliumwa, mama. Nilikuwa napiga pasi shati moja naona mashati mawili."

"Ukanyoosha lipi?"

"Nililolifikia."

Safari hii hawakucheka. "Nisamehe," Bi Mapema alisema, na akakata simu haraka, asije akasikika sauti imebadilika.

Waliporudi kazini aliwakusanya kando ya sinki, mahali ambapo sasa kulikuwa na karatasi za kufutia mikono. Aliwaambia kwamba kuanzia leo, mtu akishindwa kuja apige simu mapema ili apangiwe mwenzake wa kushika nafasi yake. Hatakohoa. Hatataja ugonjwa wake kama hataki. Ila asidanganye.

Kisha akamgeukia Shangazi Povu. "Na wewe, mwenzangu, leo sikuulizi kwa ubaya. Yule mjomba?"

"Walikuwa pacha, Bi Mapema," alisema Shangazi Povu. "Hukuuliza."

Mtu mmoja aliangusha kikapu. Bi Mapema alimshika Shangazi Povu mikono yote miwili, akampa pole mbili.

Isidhaniwe kwamba watu wote waligeuka malaika. Walikuwepo waliojaribu bahati yao, na mkunjaji mmoja aliumwa tumbo kila siku ya mpira mpaka akaitwa pembeni akaambiwa kwamba wanaomshikia nafasi nao wana timu zao. Tumbo likapona. Lakini mkunjaji mwingine, baba mkimya ambaye hakuwahi kuomba kitu, alipiga simu alfajiri moja akasema hana homa wala msiba. Binti yake anaanza shule, naye anataka kumpeleka kwa miguu wakiwa wameshikana mikono.

"Nenda," Bi Mapema alisema. "Na uchukue siku nzima. Wengine hulia zaidi mchana."

Shuka kubwa halikunjwi na mtu mmoja, na siku hiyo hakukuwa na mwingine wa kushika nafasi. Bi Mapema akapandisha mikono ya gauni, akashika ncha mbili, Shangazi Povu akashika mbili, wakalikung'uta. Kumbe kukunja si kusimamia ukunjaji. Upande wake ulikwenda mshazari, ukatoa mkia.

"Rudi nyuma kidogo," Shangazi Povu alimwelekeza. "Kidogo tena. Sasa njoo."

Bi Mapema akarudi nyuma, kisha akaja.