Ng'ombe wa Magese

Magese Ngeleja wa Mwamapalala akiita mifugo yake, hata ng'ombe wa jirani waligeuza vichwa. Sauti aliyokuwa nayo mzee yule, acha tu. Na mtu wa namna hiyo ndiye Mungu aliyemjalia binti kiziwi, Nyanjige.

Watu walicheka, naye akacheka nao. Kisha akawa anakwenda na mtoto machungani, na huko wakajitungia maneno yao ya mikono. Ng'ombe mwenye pembe za kuinama: vidole viwili vinaning'inia masikioni. Dume lenye baka usoni: kiganja kinafunika jicho. Yule mkorofi wa mateke: ngumi gotini. Ng'ombe thelathini na sita, kila mmoja na alama yake.

Nyanjige alipofika miaka tisa akapelekwa shule ya serikali ya viziwi, Bariadi. Magese aliridhia shingo upande. Mwaka uliofuata biashara ya pamba ikaachiwa huru, malori ya wanunuzi yakaingia mpaka vijijini, kila mtu akaongeza shamba. Magese naye akaongeza, na wakati wa kuchuma ukamkuta hana watu.

"Namfuata mtoto, arudi moja kwa moja," alimwambia mkewe, Evalina. "Shule gani watu hawasemi? Wanafundishana kunyamaza?"

"Nenda. Ila usiwapigie walimu kelele."

Akafunga kwenye baiskeli kamba ya kubebea sanduku la mtoto, akaenda. Getini alimkuta mwalimu Felisita, akamwamkia Kisukuma kwa sauti yake ile.

"Mwangaluka, mayu!"

"Mwangaluka, baba. Mimi nasikia, punguza kidogo."

"Nimekuja kumchukua Nyanjige!"

"Yuko uwanjani. Mfuate."

Magese alitegemea kukuta kimya. Alikuta vicheko na vishindo vya miguu, vumbi limetanda. Nyanjige alisimama katikati na fimbo. Alining'iniza vidole masikioni, mtoto mmoja akachomoka mbio. Alifunika jicho, akachomoka mwingine. Alipopiga ngumi gotini, mtoto wa wavuvi wa Lamadi, asiyewahi kuchunga hata mbuzi, akakimbia huku akirusha mateke.

"Aa! Hao ni ng'ombe wangu!"

Hakuna aliyegeuka. Felisita alicheka mpaka akashika mbavu. "Alikuja nao mwanao. Hata hesabu siku hizi nafundishia hao hao."

Nyanjige akamwona baba yake. Alikimbia, akapiga goti kumwamkia, kisha akawaambia wenzake jambo kwa mikono. Papo hapo watoto wote wakageuza vichwa kwa mkupuo.

"Wanafanya nini?"

"Wanataja jina lako," Felisita alisema. "Sauti yako mwanao hajawahi kuisikia, ila aliona kila ukiita ng'ombe wanageuka."

Magese akailaza baiskeli yake chini.

Nyanjige naye alikuwa ameiona kamba. Mikono yake ikashuka. Akaonyesha kidole upande wa nyumbani, akasubiri.

Magese alijikuna shingo. "Mwalimu, watoto wako wangapi?"

"Arobaini na mmoja."

"Basi watano hawana ng'ombe." Akaketi vumbini, akaanza kuonyesha kwa mikono ndama waliozaliwa tangu binti aondoke: mwenye mkia mfupi, mwenye miguu myeupe. Watoto wakamzunguka, wakigombania ndama.

Jioni Evalina aliiona baiskeli na kamba yake, bila sanduku.

"Mtoto yuko wapi?"

"Anachunga!" Magese alinguruma, kijiji kizima kikasikia.

"Na pamba?"

"Tutachuma mimi na wewe, mama Nyanjige. Kwani una haraka ya kwenda wapi?"