Kadi ya Jumla kwa Makaburi ya Wakubwa

Safari hii niliifanya kwa sababu ya mguu wa dada yangu. Naiandika mwenyewe maana hapa Nanganga nimechoka kusikia habari zangu vinywani mwa watu, kila mtu kaongeza chumvi yake. Shule mimi niliishia darasa la nne. Atakayeona makosa ya maandishi asahihishe. Atakayeona makosa ya habari aje anikabili.

Tulizaliwa watano tumbo moja. Mmoja aliondoka na surua. Mwingine na homa ambayo mpaka leo hakuna aliyeitaja jina. Wa tatu aliondoka na lori la korosho lililopinduka kwenye mteremko wa Newala, nami nilikuwa ndani ya lori hilo hilo, nikatoka na nyonga hii inayonipeleka upande. Tukabaki wawili, mimi Athumani na mkubwa wangu, dada Somoe.

Dada alikuwa na sukari. Kidonda kilianzia kidoleni, kikapanda. Pale hospitali Masasi daktari alituambia bila kuzunguka: mguu ukatwe chini ya goti, na ukatwe upesi, la sivyo sumu itaingia mwilini.

Dada akamwambia, "Nimekusikia, mwanangu. Nipe siku kidogo nikawaulize wenyewe."

"Wenyewe akina nani, mama?"

Nikamjibu mimi, "Wakubwa wetu. Wako Newala."

"Si muwapigie simu tu?"

Dada akacheka mpaka akashika ubavu. Ndicho kicheko chake cha mwisho ninachokikumbuka ambacho hakikuwa na maumivu ndani yake.

Kwetu Wayao kaka ndiye mwenye mbumba, yaani dada zake na watoto wao wote wako chini ya mkono wake. Dada akiugua, anayeulizwa ni mimi, si mumewe. Na jambo zito kama kukata kiungo haliamuliwi hivi hivi. Unachukuliwa unga wa mtama, unapelekwa makaburini jua likizama, unamwagwa taratibu mpaka usimame mfano wa kichuguu kidogo. Mnauacha, mnakwenda kulala. Asubuhi mnarudi kuutazama. Ukiwa umesimama, wakubwa wamekubali. Ukiwa umemomonyoka, wamekataa. Wapo watakaosema Mwislamu hafanyi hayo. Hotuba hizo nimezisikia tangu sijabalehe. Dada alikuwa hakosi sala, na unga alimwaga.

Asubuhi tulipanda basi stendi ya Masasi. Dada alikaa kiti cha mbele, mguu umefungwa khanga juu ya khanga ili harufu isiwasumbue watu. Unga aliupakata kifuani. Milima ya mawe ya Masasi ikabaki nyuma, tukapita mikorosho na mikorosho, halafu gari likaanza kupanda kwenda juu. Tulipofika pale lori lilipopindukia nilifumba macho. Dada aliniwekea mkono gotini.

Adhuhuri tukashuka Newala. Huko juu kuna upepo hata jua likiwa kali. Hapo ndipo nilipoanza kuona mambo ya Bakari Lingunde.

Nimtaje wazi. Bakari ni mtoto wa huko huko, tumecheza naye utotoni likizo zote nilizopelekwa kwa bibi. Amekwenda mjini, amerudi na kampuni ya utalii. Ameizungushia senyenge ile ngome ya mawe ya Mjerumani, ambamo babu yetu alifungwa na hakutoka. Amekizungushia kisima cha kale cha huko chini mteremkoni, ambako bibi yetu alichota maji mpaka mgongo ukapinda. Na makaburi ya wakubwa wetu, upande wa Mnyambe, nayo ameyazungushia. Aliyempa ruhusa ni Hemedi Chitopela, mwenyekiti, ambaye kabla ya hapo alikuwa anatembea kwa miguu na sasa ana pikipiki nyekundu. Sijasema amehongwa. Nimesema ana pikipiki nyekundu.

Penye ngome kuna kibanda na dirisha. Ndani alikuwapo binti mmoja mwenye adabu zake.

"Shikamooni."

"Marahaba, mwanangu."

"Karibuni kwenye mambo ya kale. Kuna kadi ya jumla, inawaingiza sehemu zote tatu. Au mnaweza kuchukua tiketi ya rejareja, kila sehemu na yake."

"Tofauti yake ni nini?" nikauliza.

"Ya jumla ni nafuu, baba. Watu wengi wanachukua hiyo."

Fedha tuliyokuwa nayo ilitosha kadi za jumla mbili, au tiketi mbili za makaburini peke yake na nauli ikabaki na nafasi ya kupumua. Nikamvuta dada kando. Nikamwambia tuchukue za makaburini tu. Jibu liko kule, huku kwingine tunafuata nini?

Akaniangalia kama nimemtukana mama. "Athumani, unampita babu mlangoni, unampita bibi mlangoni, halafu unakwenda kuwaomba wazee wao? Wewe ungejibu?"

"Na asubuhi je?"

Alinifinya mkono mpaka ukucha ukaingia. Hapo naomba msomaji anielewe, maana ndipo safari ilipoharibikia. Mtu aliyebeba unga wa wakubwa hataji asubuhi. Ukiitaja kabla hujaumwaga, ni kama umewaamrisha jibu. Kwa hiyo lile swali moja lililotakiwa kuulizwa pale dirishani, kwamba je, tukiingia leo tunaruhusiwa kurudi kesho, hatukuweza kulitoa mdomoni. Na yule binti hakulisema kwa kuwa hakuulizwa. Mgeni wa Dar es Salaam angeuliza. Sisi wenyewe wa pale tulinyamaza.

Tukanunua jumla. Tukapewa kadi zenye kamba za kuvaa shingoni.

"Kama mbuzi wa mnadani," dada alisema. "Bado tu kutupima meno."

Ngomeni tulikaa muda mfupi. Dada aligusa ukuta, akadondosha unga kidogo penye kizingiti, akamtaja babu kwa jina. Nyuma yetu watalii wawili walikuwa wanajipiga picha. Binti akatoboa kadi zetu tundu moja.

Alasiri tulikuwa kisimani. Bodaboda ilimfikisha dada getini, kutoka pale nikambeba mgongoni, mimi na nyonga yangu. Zamani wanawake wa Newala walishuka na mitungi mteremko ule, wakapanda nayo, kila siku ya maisha yao. Hakuna aliyewatoza kiingilio. Dada alinywa kiganja kimoja, akasema maji yamebadilika ladha. Tundu la pili.

Magharibi tukafika makaburini. Mlinzi wa getini alikuwa mtani wetu, Mmakonde mmoja anaitwa Selemani, mtu mzima wa makamo yangu.

"Wayao wamekuja na kadi!" akapiga kelele. "Leo mnanunua tiketi kuwaona ndugu zenu. Na kule kuzimu mtakata ya daraja gani?"

"Wewe fungua geti, mla panya," dada akamjibu. "Ukifa utazikwa nje ya senyenge."

Akacheka, akatoboa tundu la tatu, akamshika dada mkono wa pili tukamwingiza pamoja. Halafu akajitenga, maana mila anaijua.

Unga ulisimama vizuri. Nimeona unga mwingi ukimwagwa maishani mwangu, ule ulikuwa umesimama kama umechongwa. Dada akasema polepole, "Wakubwa zangu, mguu wangu wanautaka. Niwape au nisiwape? Mimi ni wenu." Tukatoka bila kugeuka nyuma.

Tulilala Mnyambe kwa Biti Saidi, mtoto wa mama yetu mdogo. Alitupikia ugali wa muhogo na kisamvu cha nazi. Aliposikia habari ya kadi alishika kiuno. "Bakari ametoza mpaka ndugu wa marehemu? Mbona mimi mwaka huu sijaenda! Nilidhani ni wazungu tu." Dada hakula. Harufu ya mguu ilijaa nyumba nzima, na Biti Saidi alijifanya haisikii, Mungu amlipe.

Kulipokucha tulirudi getini kabla umande haujakauka. Selemani alikuwa pale pale. Alipotazama kadi zetu uso wake ukabadilika.

"Zimekwisha hizi, mtani. Matundu matatu. Ni za siku moja, mlango mmoja mara moja."

"Tunaingia kutazama tu. Unajua tunatazama nini."

"Najua. Lakini nikifungua nitafukuzwa kazi leo hii."

Akampigia Bakari, akaweka simu sauti ya juu.

"Shikamoo, kaka Athumani," Bakari akasema. Sauti ya mtu aliyelala vizuri. "Pole na mgonjwa. Lakini imeandikwa nyuma ya kadi. Mngechukua rejareja ya makaburini mngeingia na kutoka mpaka leo jioni. Hiyo ni ya siku mbili."

"Bakari, wewe unawajua hawa waliolala humu. Mmoja alimtahiri baba yako."

"Kaka, nikikuachia wewe, nitamzuia nani? Kateni nyingine."

Tulikuwa na nauli ya kurudia tu, na mgonjwa. Nilimwambia hivyo. Akasema utaratibu ni utaratibu, akakata simu.

Selemani akasema, "Ngoja. Mimi nina ruhusa ya kuingia. Nitakutazamieni." Akaenda mbio. Dada alikaa chini kwenye mchanga, macho kwenye geti. Selemani alirudi akitembea polepole, kofia mkononi.

"Wamefagia," akasema. "Leo wanategemewa wageni kutoka Mtwara. Wamefagia alfajiri."

"Ulikuwa umesimama?" dada akauliza.

Akaikunja kofia yake.

"Selemani, ulikuwa umesimama au umeanguka?"

"Aliyefagia ni mke wangu, dada. Nimemuuliza. Anasema hakuangalia. Aliona weupe, akapitisha ufagio."

Nilifikiria kudanganya, kusema nimeona kwa mbali umesimama. Lakini nilikuwa nimesimama pale pale na dada, ningeona kwa macho gani?

"Mwambie mkeo simlaumu," dada akasema. "Athumani, nishike tuondoke."

Njiani kuteremka Masasi nilimsihi. Nikamwambia kutojibiwa siyo kukataliwa. Akaniambia swali haliulizwi mara mbili kabla ya mvua nyingine kunyesha. Nikamwambia mguu haungoji mvua.

"Nikikatwa bila idhini yao nitazikwa nusu," akasema. "Na ile nusu nyingine utaipeleka wapi? Utaikatia tiketi?"

Hospitali daktari alizungumza naye mpaka jasho likamtoka. Akaniambia mimi nitie sahihi ya idhini kwa niaba ya dada. Nilimtazama dada, naye akanitazama. Kaka mwenye mbumba anaamua pale wakubwa walipojibu. Walipokaa kimya, mimi ni nani? Mkono wangu haukunyanyuka. Tukarudi Nanganga, na dada hakuziona korosho za msimu ule.

Nawataja tena waliohusika, wasije wakasema hawakutajwa: Bakari Lingunde aliyeuza mlango wa mababu zake, na Hemedi Chitopela aliyemkabidhi ufunguo. Mke wa Selemani simtaji. Yeye alifagia, na ufagio hauulizi. Bakari alikuja matangani, akakaa mkekani na watu, akala wali. Hakuna aliyemwambia ondoka. Nami nilinyamaza, maana msiba ni wa wote.

Kwa hiyo wewe mwenye ndugu kule juu, ukisimama kwenye lile dirisha usivutwe na wingi wa milango. Omba radhi kwa babu, omba radhi kwa bibi, ukate tiketi ya makaburini peke yake, ukae nayo mpaka kuche. Watakusamehe kwa kuwapita, watu wazima husamehe. Mimi haya nimeyajua sasa, na hayanifai kitu. Sina tena ndugu wa kumwulizia.